Kutoka Wodini Hadi Kitongojini

Katika miaka ya 1920, kijana wa Tanganyika aliyeteuliwa na utawala wa wenyeji, yaani wa machifu, kwenda kusomea udresa aliaga kwao akaenda kukaa hospitali ya serikali, mara nyingi ile ya bomani. Huko maisha yake yote yalikuwa wodi. Alichemsha vyombo, alikunja bandeji, aliosha vidonda vya miguu vilivyonuka, alijifunza kupima kwinini na kuitambua buba kwa kuitazama ngozi. Mafunzo yalikuwa ya miezi, si ya miaka. Yalipokwisha hakubakizwa hospitali. Alirudishwa kwao, akakabidhiwa banda lenye meza, kabati la dawa na daftari la wagonjwa, na kuanzia hapo watu wa maili nyingi kuzunguka walimtegemea yeye.

Mpango huo ulianza mwaka 1926 chini ya Dk. John Shircore, aliyeongoza huduma za tiba za serikali ya Kiingereza. Nchi ilikuwa kubwa, madaktari walikuwa wa kuhesabika, na hospitali zilikuwa mjini. Kwa hiyo atafutwe mwenyeji, afundishwe wodini, kisha arudi kwa watu wake.

Tangu hapo imepita takriban karne moja, na safari hiyo ya kutoka wodini kwenda kijijini imerudiwa mara kadhaa, kila mara kwa jina jipya: dresa, msaidizi wa tiba wa kijiji, mhudumu wa afya wa kijiji, mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Ukizifuatilia awamu hizo moja baada ya nyingine, utaona kwamba watu wenye moyo wa kazi hawakukosekana, na vijiji viliwapokea. Kilichowaangusha ni ujira. Kila awamu ilidumu kadiri mfuko wa kuwalipa ulivyodumu.

Hospitali ndizo zilizotangulia, na zilijengwa kwa kuangalia nani anaishi wapi. Wajerumani walifungua hospitali ya Ocean Road mwaka 1897, ufukweni mwa Dar es Salaam, kwa ajili ya Wazungu. Waafrika na Wahindi walitibiwa katika hospitali iliyojengwa kwa fedha za Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara tajiri wa Bagamoyo, ambaye jina lake lipo hadi leo kwenye mojawapo ya majengo ya wodi za Muhimbili. Bara, mgonjwa alimtegemea mganga wa kienyeji na mkunga wa jadi, au wamisionari kama walikuwa karibu.

Ubunifu wa mwaka 1926 ulikuwa kwenye malipo. Dresa hakulipwa na hospitali iliyomfundisha. Alilipwa na hazina ya utawala wa wenyeji, ambayo ilipata sehemu ya kodi iliyokusanywa palepale. Zahanati ilikuwa ya watu wa eneo lile, na mshahara wa aliyeihudumia ulitoka mifukoni mwao. Mpango huo ulikuwa na ubaguzi wake: sehemu zenye kahawa au pamba zilikuwa na hazina iliyojaa na ziliweza kuongeza zahanati, huku sehemu kame zikibaki na dresa mmoja kwa eneo kubwa kupita kiasi. Lakini mahali hazina ilipokuwa na fedha, dresa alilipwa kila mwezi na hakuwa na sababu ya kuitupa kazi.

Kilichoipa tiba ya serikali heshima kubwa zama hizo ni sindano. Buba ilikuwa imeenea sana, ikiwatafuna watoto kwa watu wazima ngozi na mifupa. Sindano za bismuthi na za dawa zenye arseniki zilikausha vidonda vilivyomtesa mtu kwa miaka, tena kwa muda mfupi ambao hakuna aliyeutarajia. Watu walitembea kutwa nzima kuzifuata. Heshima hiyo ilikaa: vizazi vingi baadaye, wapo waliotoka zahanati wakinung'unika kwamba hawakutibiwa kwa sababu hawakuchomwa.

Hapo ndipo ulipokuwa udhaifu wa dresa. Alihamia kijijini, lakini kazi aliyohama nayo ilikuwa ileile ya wodini. Alikaa bandani akimsubiri aliyekwisha kuugua. Maji ambayo watu waliyanywa, choo ambacho hakikuchimbwa, mtoto aliyekuwa akikonda nyumba ya tatu, hayo yote hayakuwamo katika daftari lake.

Wamisionari nao walikuwa wakiwafundisha wenyeji kazi ya tiba. Mwaka 1935 daktari kijana wa upasuaji kutoka Uingereza, Leader Stirling, alifika kusini mwa Tanganyika, upande wa Masasi. Akiwa Lulindi, na baadaye Mnero, alifanya kazi katika mazingira magumu na kuwafundisha uuguzi vijana wa huko. Alichukua uraia wa Tanzania na alikuwa mbunge. Kuanzia 1975 hadi 1980 alikuwa Waziri wa Afya, miaka ileile ambayo nchi iliweka nguvu zake vijijini kuliko wakati mwingine wowote uliotangulia.

Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 1961 ilikuwa na madaktari wazalendo 12. Chuo cha udaktari cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1963. Mwaka huohuo utawala wa machifu ulifutwa, na zahanati zilizokuwa mikononi mwao zikawa mzigo wa halmashauri za wilaya. Mwaka 1964 jopo lililoongozwa na Profesa Richard Titmuss wa Uingereza lilichapisha ripoti kuhusu huduma za afya za Tanganyika na kushauri kwamba uti wa mgongo wa huduma hizo uwe vituo vya afya vya vijijini badala ya hospitali mpya.

Azimio la Arusha la Februari 1967 lilikwenda mbali zaidi. Lilieleza wazi kwamba hospitali kubwa za mijini zinawafaidi wachache, ilhali mikopo iliyozijenga italipwa kwa mazao ya mkulima. Hata hivyo majengo makubwa yaliendelea kuinuka. Hospitali za KCMC ya Moshi na Bugando ya Mwanza zote zilifunguliwa mwaka 1971. Mwaka huohuo chama tawala, TANU, kiliamua kwamba maji, elimu na afya vijijini vitangulie. Oscar Gish, mtaalamu wa mipango aliyefanya kazi Wizara ya Afya, alikieleza kipindi hicho katika kitabu chake cha 1975, akionesha kwa hesabu kwamba fedha za hospitali moja kubwa zingejenga na kuendesha vituo vya afya vingi. Vituo hivyo vilikuwa 22 wakati wa uhuru. Kufikia 1980 vilikuwa zaidi ya 200.

Chini ya kituo cha afya na zahanati palikuwa na pengo, na serikali ilitaka kuliziba kwa kumtumia mwanakijiji mwenyewe. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, vijiji vilianza kuwachagua watu wao wakapelekwa hospitali ya wilaya au kituo cha afya kwa miezi mitatu hadi sita. Hawa, wasaidizi wa tiba wa vijiji, walirudi na kisanduku cha huduma ya kwanza: aspirini, klorokwini, pamba, bandeji, dawa ya vidonda. Tofauti na dresa wa 1926, hawakupewa mshahara. Walitarajiwa kulima kama wenzao, na kijiji kiwasaidie kwa namna kitakavyoona, pengine kwa kuwalimia shamba au kuwapunguzia kazi za pamoja.

Kazi yenyewe ilibadilika kwelikweli mwaka 1973, kwa kampeni ya Mtu ni Afya. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima na Radio Tanzania ziliandaa vipindi vya redio vya majuma 12 pamoja na vijitabu, na watu wapatao milioni mbili wakajiunga na vikundi vya kusikiliza. Walikaa pamoja, redio katikati, wakasikiliza. Mmoja aliyejua kusoma alikisoma kijitabu kwa sauti. Kisha walijadiliana: malaria, kuhara, safura, kichocho, kifua kikuu. Mjadala haukuishia mdomoni. Walishika majembe na mapanga, wakafukia madimbwi, wakafyeka nyasi kuzunguka nyumba, wakachimba vyoo kwa maelfu.

Kwa mara ya kwanza, shughuli nzito ya afya ya nchi nzima ilifanywa na watu ambao hawakuwa wagonjwa. Hakuna wodi ambayo ingeweza kuifanya. Kuanzia hapo, msaidizi wa kijiji hakutegemewa tena kwa vidonge vyake peke yake. Alitakiwa ajue nani hana choo na kisima kipi kimeingiliwa na mifugo.

Dunia ililiona hilo. Mwaka 1975 Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu kilichokusanya mifano ya nchi zilizothubutu kuipeleka afya kwa wananchi, na sura ya Tanzania iliandikwa na Wilbert Chagula na Eleuther Tarimo. Septemba 1978, wajumbe wa nchi 134 walipokutana Alma-Ata, katika Umoja wa Kisovieti wa wakati huo, na kutangaza huduma ya afya ya msingi kuwa njia ya kufikia afya kwa wote, Tanzania ilikuwa na uzoefu wa miaka kadhaa katika jambo hilo.

Mwezi uliofuata vita vya Kagera vilianza. Gharama za vita, bei ya mafuta iliyopanda na kushuka kwa mapato ya mazao viliikausha hazina ya taifa. Kisanduku cha msaidizi wa kijiji kilipokwisha dawa hakikujazwa. Mtu aliyemfuata saa mbili usiku akakuta hana hata aspirini hakurudi tena. Msaidizi mwenyewe alikuwa na mke, watoto na shamba lenye magugu. Aliacha. Wengi waliacha hivyo, kimyakimya, bila barua wala kikao.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wizara ilijaribu tena, kwa mwongozo mpya wa wahudumu wa afya wa vijiji. Mafunzo yaliandaliwa vizuri na mashirika yakasaidia. Jukumu la kuwalipa wahudumu, hata hivyo, liliachiwa serikali za vijiji, na vijiji vingi havikuwa na chochote. Halmashauri za wilaya, ambazo zingeweza kubeba mzigo huo, zilikuwa zimefutwa mwaka 1972 na zilirejea mwaka 1984 zikiwa hoi.

Katikati ya dhiki hiyo, Iringa ilionesha kitu kingine. Mwaka 1983 ulianza mpango wa lishe wa pamoja kati ya serikali, UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za Italia, katika vijiji 168. Wahudumu wa afya wa vijiji walichaguliwa na wenzao wakafundishwa, na kazi yao kubwa ilikuwa kuwapima watoto uzito mara kwa mara. Siku ya kupima, mizani ya saa ilifungwa kwenye tawi au kwenye boriti ya ofisi ya kijiji. Mtoto alivalishwa kaptura ya kupimia yenye mikanda, akaning'inizwa, miguu ikirusha mateke hewani na kilio kikisikika hadi barabarani. Mhudumu alisubiri mshale utulie, akasoma, akaweka nukta kwenye kadi na kuiunganisha na nukta ya mwezi uliopita. Mstari ukipanda, mama alipongezwa mbele ya wenzake. Mstari ukilala au kushuka, mazungumzo yalianza: anakula mara ngapi, nani anabaki naye mama akiwa shambani, ameharisha lini.

Tofauti kubwa na wodi ilikuwa mahali takwimu zilipokwenda. Hospitalini uzito wa mtoto huishia kwenye faili. Iringa, jumla ya watoto waliopungua uzito ilipelekwa mbele ya kamati ya kijiji, nayo ikabidi iamue la kufanya: kuanzisha mahali pa kulelea watoto wakati wa kilimo, kuongeza milo, kuwafuatilia baba wanaouza mahindi yote. Na kwa kuwa kamati iliziona faida hizo kwa macho yake, vijiji vingi vya mpango huo vilikubali kumtengea mhudumu wao posho. Utapiamlo mkali ulipungua sana katika miaka michache, na mikoa mingine ikaanza kuiga.

Mwaka huohuo wa 1983, wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera. Kufikia miaka ya 1990 wodi zilikuwa zimefurika watu ambao hospitali haikuwa na dawa ya kuwaponya. Walirudishwa nyumbani. Waliowafuata huko walikuwa wauguzi waliotoka wodini na watu wa kujitolea, wengi wao wakitoka makanisani, misikitini na katika vikundi vya watu wanaoishi na virusi. Waliwaogesha wagonjwa, walisafisha vidonda, waliwafundisha ndugu namna ya kumgeuza mgonjwa kitandani asichubuke. Dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa na serikali mwaka 2004, watu walewale ndio waliojua nani ameacha kumeza na kwa nini.

Kazi hiyo ilifundisha jambo ambalo muuguzi wa wodi huwa hakutani nalo. Wodini mgonjwa ndiye mgeni. Amevuliwa nguo zake, amepewa kitanda, anaamshwa saa ya dawa, na anayemhudumia anaweza kumkaripia asijibiwe. Nyumbani mambo yanageuka. Mhudumu anapiga hodi na kungoja. Anakaribishwa kigoda, anauliza habari za watoto, za mvua na za shamba, na ugonjwa unakuja mwishoni, pengine siku nyingine kabisa. Akikaripia, safari ijayo ataambiwa wenyewe hawapo. Hata njia anayopita ina maana, kwa sababu majirani wanaangalia. Mhudumu mwenye busara hupita nyumba kadhaa za mtaa huo, pamoja na zile zisizo na mgonjwa, ili nyumba moja isinyooshewe kidole.

Aliyezoea hospitali hukosa pia vitu alivyovitegemea bila kuviwaza: bomba la maji, taa, mwenzake wa zamu, daktari wa kumwita. Badala yake ana mkoba. Ndani yake mna utepe wa kupimia mzunguko wa mkono wa mtoto, wenye rangi tatu. Unazungushwa katikati ya bega na kiwiko cha mkono wa kushoto, bila kubana wala kulegea. Kipimo kikisoma chini ya sentimita 11.5, rangi ni nyekundu, na mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano anahitaji rufaa bila kuchelewa. Kati ya hapo na 12.5 ni njano. Juu ya hapo ni kijani. Mna daftari, kadi za rufaa, na maarifa ya kuchanganya lita moja ya maji safi na vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi kwa mtoto anayeharisha pale ambapo pakiti za dukani hazipo. Vifaa ni vichache, na kila kimoja kinadai mkono wenye uzoefu.

Serikali ilirudi kwenye suala hili katika karne mpya. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, maarufu kama MMAM, ulianza mwaka 2007 ukilenga kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata kituo cha afya. Majengo mengi yalisimama, mengine yakakaa bila watumishi. Mwanzoni mwa muongo uliofuata, Taasisi ya Afya Ifakara ilifanya jaribio Kilombero, Ulanga na Rufiji. Vijana waliochaguliwa na vijiji vyao walisomeshwa miezi tisa, wakaitwa WAJA, yaani wawezeshaji wa afya ya jamii, na wakalipwa mshahara. Suala la malipo, lililokuwa limekwepwa tangu miaka ya 1960, liliwekwa mezani.

Nchi jirani nayo ilikuwa ikilitazama. Septemba 2023 Kenya iliwazindua rasmi wahudumu wa jamii wapatao laki moja, ikawapa mikoba ya vifaa na posho ya kila mwezi inayochangiwa na serikali kuu pamoja na kaunti. Tanzania ilifuata mwishoni mwa Januari 2024, Makamu wa Rais Philip Mpango alipozindua jijini Dodoma mpango jumuishi wa miaka mitano wa wahudumu 137,294. Idadi hiyo inatokana na kuweka wahudumu wawili katika kila kitongoji cha kijijini na kila mtaa wa mjini. Wanachaguliwa na wakazi, wanasoma miezi sita, na wanapaswa kulipwa. Zamani mhudumu mmoja alikuwa wa lishe, mwingine wa kifua kikuu, mwingine wa virusi, kila mmoja akiwa na mradi wake na bosi wake. Sasa mtu mmoja atabeba yote.

Miradi hiyo ya zamani ilionesha hatari yake mapema mwaka 2025. Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, shughuli za jamii zilizotegemea fedha hizo zilisimama au kupunguzwa kwa ghafla, na wahudumu waliokuwa wakipokea posho kupitia kwazo wakaachwa na mkoba bila posho. Ni yaleyale yaliyompata msaidizi wa kijiji baada ya 1978, ingawa mara hii mlipaji aliyeondoka alikuwa mbali zaidi.

Mpango wa sasa utafikia ukomo baada ya miaka yake mitano. Kabla ya hapo, malipo ya wahudumu wawili wa kila kitongoji na kila mtaa yanahitaji kuandikwa katika bajeti ya halmashauri kama yanavyoandikwa ya mwalimu na ya muuguzi, yatoke kwenye mapato ya ndani na ruzuku ya serikali kuu, na diwani aweze kuyaulizia kwenye baraza. Utawala wa wenyeji wa miaka ya 1920, wenye kodi ndogo na nchi yenye barabara chache, ulimlipa dresa wake kwa njia hiyo. Halmashauri za leo zina mapato zaidi, wahasibu zaidi na wananchi wanaojua kudai. Zikilipa, wahudumu waliokwisha kusomeshwa watakuwa bado wanapiga hodi mwaka 2030.